Mkono Uliofunga Maji ya Kessler

Cyrus Mbaabu, mpelelezi wa kujitegemea, alipiga magoti kando ya barabara, akainua kifuniko cha chuma kwa bisibisi, akachungulia shimoni.

"Unatafuta nini humo, Mkenya?" diwani aliuliza nyuma yake. "Nyoka?"

"Mtu."

"Basi ni mtu mwembamba."

Diwani Ntombizodwa Phakathi alisimama juu yake na mwavuli wa jua. Mtaa mzima walimwita MaPhakathi. Alikuwa mama mnene mwenye viatu vya chini na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Kiswahili chake kilikuwa cha Morogoro. Alipelekwa huko akiwa msichana, wakati wa ukimbizi, akakaa mpaka viongozi wao walipofunguliwa gerezani na watu kuruhusiwa kurudi kwao. Alikizungumza vizuri kuliko Cyrus, mzaliwa wa Meru, na hakuacha kumkumbusha.

"Nisomee tena siku," Cyrus alisema.

"Jumatano, Ijumaa, Jumapili. Mchana maji yanakauka mtaa mzima wa Kessler, usiku yanarudi. Miezi miwili sasa. Mafundi wakija kesho yake wanafungua bomba, wanayaona yanatoka, wanaandika 'hakuna tatizo', wanaondoka."

"Na watu?"

"Watu wanasema nimewauza. Wanasema mtu mweusi ukimpa mji anaukausha. Wanasema hayo wakiwa weusi wenyewe, na mimi ninawasikia nikiwa dukani nanunua mkate." Alihamisha mwavuli bega la pili. "Leo Alhamisi. Jumamosi tawi la chama linachagua mgombea wa kata. Lefa Ntshingila anakitaka kiti changu. Nikisimama pale bila jina la aliyefunga, nimekwisha."

"Jina la yeyote?"

"La aliyefunga. Usinifundishe tabia mbaya uzeeni."

Cyrus akamulika shimo kwa simu. Koki ya maji ilikuwa ya zamani, kubwa, na kichwa chake kilikuwa cha pembe nne. Mwili wote ulikuwa na kutu. Pembe nne za kichwa hazikuwa na kutu hata kidogo, ziling'aa. Mtu alikuwa anaizungusha mara kwa mara, na chuma chake kilikaa sawasawa juu yake. Mtu huyo alipaka grisi pia. Mhalifu gani anapaka grisi?

Ukingoni mwa shimo aliona mstari wa buluu, mwembamba, umenyooka, na mkato mdogo juu yake. Akaugusa. Unga laini ulibaki kidoleni. Akaupiga picha mstari ule.

"Mafundi wa mji wanaweka alama?"

"Wanaweka visingizio," MaPhakathi alisema. "Na hii koki wala hawaijui. Niliuliza. Ramani waliyo nayo ni nakala ya nakala, na hapa imeonyesha barabara tupu. Wazungu waliolaza haya mabomba walistaafu wakaenda pwani, na ramani vichwani mwao. Sisi tukapewa ofisi."

"Hicho nacho ni kisingizio."

"Ni kisingizio cha kweli. Viko vya aina hiyo."

Bibi mmoja alitoka jengo la pili na ndoo mbili tupu, akielekea bomba la uani. Leo maji yalikuwepo. Alikuwa anajiwekea ya kesho. Alikuwa Gogo Mahlaba, yaani Bibi Mahlaba kwa Kizulu, wa ghorofa ya nne. Alisimama, akamtazama diwani, kisha akamtazama Cyrus aliyekuwa magotini.

"Huyu naye anasali?" aliuliza kwa Kizulu.

"Ananisaidia kutafuta aliyefunga maji, gogo."

"Mwambie aharakishe. Magoti yangu yameisha." Gogo alibadilisha ndoo mikono, ingawa zilikuwa tupu. "Nilingoja maisha yangu yote kumpigia kura mtu mweusi, mwanangu. Nikapiga. Nikalia kwenye foleni ile. Sasa sitaki mweusi tu. Nataka mweusi anayepokea simu."

Akaenda zake. MaPhakathi alimfuata kwa macho mpaka akaingia uani.

"Ananipenda sana yule," alisema.

"Naona."

*

Uwanja wa Lefa Ntshingila ulikuwa nyuma ya Newtown, chini ya barabara ya juu. Maboza yake ya maji yalikuwa yamepangwa safu moja, ya buluu, kila moja na ngumi nyeusi iliyochorwa mlangoni. Ntshingila mwenyewe alikuwa na shati la kitambaa kizuri na viatu vya kazi vyenye tope. Cyrus alianzia hapo: mtu mwenye tope viatuni anafanya kazi yake mwenyewe.

Walizungumza Kiingereza, na Kizulu pale Kiingereza kilipochoka.

"MaPhakathi amekutuma," Ntshingila alisema. "Mwambie namsalimia. Alinifundisha kuandika hotuba. Kahawa?"

"Bila maziwa. Unauza maji Kessler?"

"Kessler, na kwingineko yakikatika."

"Yanakatika sana Kessler."

"Na mimi ndiye ninayeyakata. Sema tu, kaka, tusipoteze muda."

"Wewe ndiye unayeyakata?"

Ntshingila alicheka. "Fikiri. Boza langu linajaza wapi nikiwa upande ule wa mji?"

Alijijibu mwenyewe.

"Kwenye bomba la zimamoto, pale kona ya Kessler. Nina kibali. Kessler ikikauka, na bomba langu limekauka. Boza linakuja kujaza huku, linasimama kwenye kila roboti, kila taa ya barabarani, katikati ya mji, linarudi nusu siku imekwisha. Waulize madereva. Waulize wanaonisubiri na ndoo wananitukana."

"Nitauliza."

"Uliza. Nataka kiti cha yule mama, sikatai. Lakini nakitaka kikiwa na maji."

"Kwa nini unakitaka?"

"Kwa sababu yeye anaamini kwamba akikaa mtu mweusi pale mbele, kazi imekwisha. Kizazi chao ndivyo kilivyo, na tunawaheshimu, walikufa kwa hilo. Mimi nasema nguvu ya mtu mweusi ni bomba lake, gari lake, kazi yake. Kiti bila bomba ni fanicha." Akamsukumia kikombe. "Na nguvu hiyo ni ya watu wa hapa kwanza. Utanisamehe, wewe ni Mkenya."

"Mimi ni mweusi pia."

"Ndiyo. Ila ni mweusi wa pasipoti nyingine."

Cyrus alikunywa kahawa yake, ilikuwa nzuri, akashukuru. Nje aliwahoji madereva wawili, mmoja mmoja, mbali na mwenzake. Wote walisema lile lile, na wote walitukana roboti zile zile. Kona ya Kessler alilikuta bomba la zimamoto. Lilikuwa bondeni, chini ya ile koki. Koki ikifungwa, bomba linakufa.

Akamfuta Ntshingila kwenye orodha ya washukiwa. Hakufurahi. Ntshingila angekuwa jibu rahisi.

*

Ijumaa asubuhi alibaki na vitu viwili: siku tatu na unga wa buluu.

Siku alizipima kwanza. Mfanyakazi wa mji hagusi spana Jumapili. Mwizi wa maji angefunga siku zote. Mtu wa siasa angefunga siku ya mkutano wa diwani, na mikutano yake ilikuwa Jumanne. Jumatano, Ijumaa na Jumapili ilikuwa ratiba ya mtu mwingine kabisa. Cyrus aliijua ratiba hiyo. Mke wake Monicah alikuwa nayo kwenye mlango wa friji, na muhuri wa kanisa lake juu yake.

Picha ya unga ule aliipeleka Yeoville, barabara ya mafundi cherehani. Fundi wa kwanza alikuwa Vuai, Mzanzibari aliyeshona kanzu za watu wa msikitini na sare za wanafunzi. Alitazama picha kwenye simu bila kusimamisha mashine.

"Chaki ya kitambaa hiyo. Umeipata wapi, kwenye lami?"

"Karibu na hapo. Kwa nini mtu achore mstari halafu aukate?"

"Alama ya kurudishia. Ukifungua mshono, unachora kabla hujafungua, ili ukirudisha urudi palepale. Mimi natumia pini. Chaki ya buluu na mkato vile, huyo ni fundi wa suti. Mmoja tu anafanya hivyo hapa. Papa Octave wa Bukavu, duka la tatu kutoka mwisho. Ila leo humpati."

"Kwa nini?"

"Ijumaa hii, bwana. Ni siku yake ya maombi."

"Wapi?"

"Kanisani kwao. Chini ya ile supamaketi ya zamani. Kessler."

Cyrus akarudisha simu mfukoni.

"Kuna nini?" Vuai aliuliza, sasa amesimamisha mashine.

"Hakuna kitu."

"Wakenya mkisema hakuna kitu, kipo."

*

Hakuhitaji kujificha. Alikaa kwenye ngazi za supamaketi ya zamani, hatua chache kutoka kwenye kifuniko cha chuma, akala karanga. Mchana mzee mmoja alikuja kutoka upande wa barabara ya Rockey, mrefu, mkavu, katika suti ya kijivu iliyomkaa kama ngozi. Begani alibeba chuma kirefu kilichofungwa vizuri katika kipande cha kitenge.

"Bonjour, papa," alimwambia Cyrus. "Habari ya mchana?"

"Nzuri, mzee."

Mzee alifungua kitenge. Chuma kilikuwa na umbo la msalaba wa mkono mmoja, kimetengenezwa kutoka kwenye mguu wa kitanda, na mwisho wake ulikuwa na tundu la pembe nne. Akainua kifuniko, akatoa chaki mfukoni, akachora mstari wake, akaukata. Kisha akaingiza chuma na kuzungusha koki taratibu, akipumua kwa pua, mbele ya macho ya kila mtu aliyepita. Mtaani hakuna aliyegeuka. Mzee wa suti anayefanya kazi mchana kweupe ni mtu wa serikali.

"Papa Octave," Cyrus alisema, "unafanya nini?"

Mzee hakushangaa kuitwa jina. "Ninafunga maji."

"Ya nani?"

"Ya kwetu. Ya kanisa." Alielekeza ngazi za kushuka chini. "Bomba imepasuka chini. Tukiacha wazi siku ya maombi, watu banasali ndani ya maji. Ninafunga, tunasali, ninafungua usiku."

"Nani alikwambia koki hii ni yenu?"

Sasa mzee alishangaa. "Iko mbele ya mlango yetu."

"Kwa hiyo?"

"Papa, kwetu Bukavu kila parcelle, kila kiwanja, iko na koki yake, kwa inje, mbele ya mlango. Ya jirani iko mbele ya mlango ya jirani. Ukigusa ya jirani munapigana. Hii iko mbele ya mlango yetu." Alimtazama Cyrus kwa huruma kidogo, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Hapana ya mwingine."

Cyrus aliona kesi yake yote ikikaa palepale, ndani ya suti safi.

"Twende chini," alisema.

Chini kulikuwa na ukumbi mpana, viti vya plastiki, spika kubwa juu ya meza ili zisilowe. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Akina mama walikuwa wamekunja vitenge vyao kiunoni, wamevaa mabuti ya mpira, wanachota kwa mabeseni wakiimba polepole. Aliyeongoza alikuwa mama mfupi mwenye nywele zilizosukwa kwa ustadi; alikuwa msusi, jina lake Marcelline, na mkono wake mmoja ulikuwa na beseni na mwingine simu.

"Marcelline," Octave alisema, "huyu papa anauliza juu ya maji."

"Bureau ya diwani inamutuma?" Uso wake ulifunguka. "Mwishowe. Karibu, papa. Angalia mwenyewe."

Alimpeleka ukutani. Bomba nene lilipita chini ya ukuta, likiwa limefungwa vipande vya mpira wa tairi, na katika kila kipande maji yalikuwa bado yanatiririka, ingawa sasa yalipungua. Halikuwa bomba la jengo. Cyrus aliona alama ya mji kwenye chuma, imechapwa zamani, herufi zimekaribia kufutika.

"Mlisema popote?"

"Tulienda kwa bureau ya diwani. Binti ya pale alitupokea vizuri, alitupa kiti. Akauliza tunapiga kura wapi. Nikamwambia Bukavu, na huko pia hawatuulizi sana." Alitikisa kichwa. "Akasema wapiga kura ya hapa njo kwanza, sisi turudi siku ingine. Tukarudi. Akasema vile vile, kwa heshima. Tukarudi tena. Hata mwenyewe diwani alipita, akatusalimia kwa Swahili muzuri sana. Tukaona haya kumusumbua. Papa Octave akasema, basi, tutafunga yetu wenyewe."

"Mama Marcelline. Mkifunga pale juu, mtaa wote unakauka."

Beseni lilisimama.

"Mtaa gani?"

"Kessler yote. Mpaka bondeni. Mpaka bibi wa ghorofa ya nne."

Mama mmoja nyuma aliacha kuimba, kisha wengine. Marcelline alimtazama Octave, na Octave akatazama juu, kama anayeweza kuona barabara kupitia dari.

"Mais... lakini sisi pia tunawaona wanalia maji," Marcelline alisema. "Tulifikiri ni serikali inakata. Tulifikiri siku yetu na siku yao zinaangukia pamoja, ni bahati mbaya. Sisi tunawaombea. Kila Jumatano tuko na sala ya maji ya mtaa. Sala nzima."

"Mkiwa mmefunga."

"Tukiwa tumefunga."

Alikaa kwenye kiti cha plastiki na kuanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, na akina mama wengine walicheka naye kwa sababu hakukuwa na namna nyingine. Kisha akanyamaza, akajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Batatuchoma," alisema.

Hakuna aliyembishia. Mwaka uliopita vijana walishuka mtaa wa pili na mabango ya kufukuza wageni, na duka la Mburundi likabaki kuta tu.

"Unipeleke mimi," Octave alisema. "Chuma ni yangu, mkono ni yangu. Hawa mama hawakugusa. Mimi niko peke yangu hapa, sina mtoto."

"Kwanza kafungue maji, mzee."

Octave alipanda ngazi haraka kuliko alivyoshuka. Maji yakaanza kupanda tena vifundoni, na akina mama wakachukua mabeseni.

*

Jikoni kwa MaPhakathi kulinukia samp, mahindi ya kukobolewa, na maharage. Alimkalisha Cyrus mezani, akamtilia chai yenye maziwa mengi na sukari bila kuuliza, kama alivyofundishwa Morogoro.

"Umempata."

"Nimempata."

Cyrus alimweleza yote kwa mpangilio: grisi, chaki, siku tatu, Vuai, chuma cha kitanda. Alipofika kwenye sala ya maji, MaPhakathi aliweka kijiko chini, akafunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika.

"Ee Mungu wangu. Mlango wao, koki yao." Alicheka kimyakimya kwa muda. Kisha akakaa wima, na sura ikawa ya diwani. "Kwa hiyo ni kanisa la Wakongomani. Nimepona, Cyrus. Kesho nasimama, nasema si mimi, wala si mtu wa chama."

"Hiyo ni nusu."

"Nusu nyingine ni ipi?"

"Bomba lililopasuka ni la mji. Walikuja ofisini kwako kulisema, si mara moja. Wakaulizwa wanapiga kura wapi."

MaPhakathi alichukua kijiko, akakirudisha mezani.

"Mama mfupi, msusi. Anasema ulimsalimia kwa Kiswahili kizuri."

"Kitenge chenye ndege," alisema taratibu. "Namkumbuka. Nilidhani amekuja kwa shida ya hati za kukaa." Aliinuka, akazima jiko, ingawa chakula hakikuwa tayari. "Ile kanuni niliweka mimi, si yule binti. Foleni ilikuwa inazunguka jengo, Cyrus. Watu wanazimia juani. Nikasema waanze wapiga kura wa kata. Wao ndio walioniweka. Ningeanza na nani?"

"Sikulaumu."

"Unanilaumu. Nakujua."

"Ulipokuwa Morogoro, ulipiga kura ya nani?"

Aligeuka akamtazama. Cyrus alidhani angemfukuza jikoni. Badala yake alikaa chini, akavuta kikombe cha Cyrus na kunywa kutoka humo.

"Hilo lilikuwa swali chafu, Mkenya."

"Ndiyo."

"Pale kisima kilikuwa cha kijiji. Tulipofika tulikuwa wengi kuliko wao. Hakuna aliyetuuliza kitu." Alizungusha kikombe. "Ukiandika ripoti, unaweza kuandika nusu ya kwanza peke yake?"

"Naweza. Ni kweli tupu. Halafu Jumapili nitakuwa mlangoni kwao na ndoo ya maji, na haitakuwa ya kupigia deki, itakuwa ya kuzima moto."

"Na ukiandika yote?"

"Unakosa kiti. Ntshingila si mjinga."

"Tulipokuwa vijana tulipiga kelele za nguvu," MaPhakathi alisema. "Nguvu kwa watu. Tulijua jinsi ya kuipata. Jinsi ya kuigawa foleni ikiwa ndefu, hilo hatukulifanyia mkutano." Alimsukumia kikombe kilichobaki nusu. "Kunywa chai yako. Kiswahili chako kinaniumiza kichwa."

*

Ukumbi ulijaa Jumamosi. Cyrus alisimama pembeni, karibu na mlango. Mezani mbele walikaa viongozi wa tawi, na Ntshingila katika suti. Nyuma kabisa, wamesimama kwa ukuta, walikuwa Marcelline na Octave. Hakuna aliyewaita. Cyrus aliwaashiria watoke. Marcelline alijifanya hamwoni.

MaPhakathi alisimama bila karatasi. Alianza kwa mwito wa zamani wa nguvu kwa watu, na ukumbi ukamwitikia, wengine kwa moyo, wengine kwa mazoea.

"Mlitaka jina la aliyefunga maji," alisema kwa Kizulu. "Ni Ntombizodwa Phakathi."

Minong'ono ilipita kwenye viti. Alingoja iishe.

"Bomba la mji lilipasuka chini ya supamaketi ya zamani. Watu wa kanisa la pale walikuja kwangu kulisema. Kwa sababu hawapigi kura, nikawarudisha. Wakarudi, nikawarudisha. Wakafunga koki iliyo mbele ya mlango wao, wakidhani ni yao. Haikuwa yao. Ilikuwa yetu sote. Aliyefunga ni mimi, kwa miezi miwili, kutoka kwenye kiti mlichonipa."

"Mkono ulikuwa wa nani?" Ntshingila aliuliza. Hakupaza sauti.

"Kama unataka mkono, Lefa, huu hapa."

"Watu wana haki ya kujua."

"Wangu," Octave alisema kutoka nyuma, kwa Kizulu cha kuvunjikavunjika, na ukumbi wote ukageuka. Vijana wawili mstari wa kati waliinuka. Cyrus akaacha ukuta na kusogea.

Gogo Mahlaba alikuwa ameinuka kabla yao. Alipita kati ya viti kwa mwendo wake, mpaka akasimama mbele ya Marcelline, akamchunguza karibu.

"Wewe ulinisuka kwa harusi ya mjukuu wangu."

"Ndiyo, gogo." Kizulu cha Marcelline kilikuwa cha saluni, cha haraka na kisicho na makosa mengi.

"Na ninyi ndio mlionifungia maji."

"Ndiyo, gogo. Hatukujua."

"Huko chini mlikuwa mnasali nini?"

Marcelline alijibu kwa sauti ndogo: "Maji yenu yarudi."

Mtu alicheka mbele, akajizuia, akashindwa. Kicheko kilitambaa kutoka safu moja hadi nyingine mpaka kikafika kwa wale vijana wawili. Mmoja alikaa. Mwenzake alibaki amesimama peke yake kwa muda, akaona haya, naye akakaa.

"Mungu wenu ana kazi ngumu," Gogo Mahlaba alisema, akarudi kwenye kiti chake.

Kura ilipigwa kwa kuinua mikono. Haikuwa karibu sana, wala haikuwa mbali. Ntshingila alishinda. Gogo Mahlaba aliinua mkono wake kwa ajili ya Ntshingila, akauacha juu mpaka MaPhakathi auone.

"Nakupenda, mwanangu," alisema ukumbi ulipotulia. "Lakini nimebeba ndoo."

"Najua, gogo."

Watu walimzunguka mgombea mpya, wakampa mikono. MaPhakathi alikusanya mkoba na mwavuli wake. Cyrus alisogea kumsindikiza mlangoni, lakini yeye alienda nyuma, akamshika Marcelline mkono, akamwambia neno kwa Kiswahili, wakaja pamoja mbele, Octave akiwafuata. Watu waliwapisha. MaPhakathi akasimama mbele ya meza ya Ntshingila kama mtu aliyefika ofisini.

"Wewe sasa ndiye unayetaka kura yangu," alisema.

"Na ninaitaka, mama."

"Basi mimi ni mpiga kura wa Kessler, na foleni inaanzia kwangu. Nafasi yangu nampa huyu mama."

Ntshingila alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. Alitazama ukumbi uliokuwa unamtazama. Nyuma ya MaPhakathi, Gogo Mahlaba alikuwa amekwisha kuja kusimama, na nyuma yake mtu mwingine, kisha mwingine, kwa mazoea tu ya watu wa mji ule wanaoona foleni na kuingia kwanza, halafu ndipo wanauliza ni ya nini.

Ntshingila aliinuka, akazunguka meza, akavuta kiti chake mwenyewe.

"Kaa, mama," alimwambia Marcelline. "Niambie."

Marcelline alikaa, akaweka mkoba mapajani, akatazama kama kila mtu anasikia. Akaanza tangu mwanzo, na hakuwa mtu wa hadithi fupi.